Wiki Nne za Kitaluni: Mhadhara juu ya Malezi ya Miche ya Mboga



Chukueni mche mmoja wa nyanya wenye majani matatu halisi, yaani yale yanayofuata baada ya majani mawili ya mwanzo yaliyotoka na mbegu. Una wiki kama tatu tangu uote. Kwa macho hauna kitu zaidi ya shina na majani. Lakini ukikipasua kile kichipukizi cha juu kabisa na kukitazama kwa hadubini, utakuta kichala cha kwanza cha maua kimeshaanza kuumbika. Idadi ya majani yatakayotangulia kichala hicho imeshaamuliwa na joto, mwanga na chakula ulichopata mche katika siku zake za mwanzo. Mwenye shamba hajachimba hata shimo moja, mbolea ya kukuzia bado iko dukani, na tayari sehemu ya mavuno ya kwanza, yale yanayowahi sokoni kabla nyanya hazijafurika, imeshapangwa.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya miche, nami nina hoja moja tu ya kuitetea: kilichopotea kitaluni hakinunuliki shambani. Mkulima wa Ilula au wa Mgeta anaweza kuongeza samadi, akanunua dawa ghali na kumwagilia asubuhi na jioni, lakini mche uliohamishwa ukiwa umedumaa, au ukiwa umebeba virusi, hautarudi nyuma ukaanza upya. Hata hivyo, fungua daftari la gharama la mkulima yeyote mwenye kuandika hesabu zake. Utakuta kulima, mbegu, mbolea, dawa, vibarua, matenga na nauli ya mzigo hadi Kariakoo. Kitalu hakina mstari wake. Kimepewa mtoto, ambaye kabla ya kwenda shule huambiwa, “Kamwagilie miche,” naye huimwagilia kwa bidii bila kuelezwa ni maji kiasi gani na kwa nini.

Zamani uzembe huo ulivumilika. Aina kama Tanya na Tengeru 97, ambazo wataalamu wa Tengeru mkoani Arusha walizitoa mwaka 1997, mkulima aliweza kuzikamulia mbegu mwenyewe, akazikausha na kuzitunza kwa msimu unaofuata. Alimwaga mbegu nyingi tutani. Nusu zikifa, nusu iliyobaki ilitosha. Leo wengi wamehamia kwenye mbegu chotara, zinazouzwa kwa kuhesabiwa, mbegu kwa mbegu. Ukizikamua na kuzipanda tena, watoto hawafanani na mzazi. Kila mche unaoanguka kitaluni ni fedha iliyokwisha kulipwa dukani, na bado tunalea miche ya chotara kwa mazoea yale yale ya mbegu za kumwaga.

Nitapita haraka kwenye maandalizi ya kitalu, kwa sababu mengi mnayajua. Tuta liwe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Penye mvua nyingi liinuliwe sentimita 15 hadi 20. Penye ukame lizamishwe kidogo ili litunze unyevu. Kwa miche ya nyanya, bilinganya, hoho na pilipili, msitumie ardhi iliyotoka kulimwa mazao hayo, wala viazi mviringo wala tumbaku, maana yote ni ya ukoo mmoja na hugawana maradhi. Samadi iwe imeoza sawasawa. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, au ukisikia harufu ya zizi, bado. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, huleta mbegu za magugu na huwaita wadudu.

Wengi huchoma pumba za mpunga au takataka juu ya tuta ili kuua vimelea. Si kazi ya bure, ila moto huo hupasha udongo wa juu tu, na chini kidogo vimelea vinabaki salama. Kwenye maeneo yenye jua kali ipo njia ninayoipenda zaidi: lowanisha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, kandamiza kingo zake kwa udongo, uliache wiki nne hadi sita. Jua hupenya nailoni, joto hunaswa ndani, na udongo uliolowa hulipeleka chini zaidi. Profesa Jaacov Katan na wenzake wa Israeli walichapisha majaribio yao ya njia hii mwaka 1976, na tangu hapo imetumika katika nchi nyingi zenye jua. Milimani Uluguru, penye ukungu na mawingu, haitafanya kazi vizuri; huko afadhali trei zenye udongo uliotayarishwa.

Sasa mbegu. Kina cha kufaa ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kwa nyanya na kabichi hakizidi sentimita moja. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, na ndani ya mstari zipe mbegu nafasi ya sentimita mbili au tatu. Mbegu za mchicha, ambazo ni ndogo mno kushikika, zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kusiwa. Saladi ina tabia yake, na watu wa Dar es Salaam wameilaumu mbegu isiyo na kosa: udongo ukipita nyuzi joto 30 hivi, mbegu nyingi za saladi hugoma kuota hata kama ni nzima. Ziloweke, zifungwe kwenye kitambaa kibichi, zikae mahali pa baridi mpaka zianze kupasuka, halafu uzisie jioni.

Baada ya kusia tunafunika kwa matandazo ya nyasi kavu. Nyasi hizi huzuia matone ya maji yasifukue mbegu na huushika unyevu, na mahali hapa ndipo kosa kubwa la kwanza hufanyika. Kabichi huweza kuchomoza siku ya nne au ya tano, nyanya siku ya sita hadi ya nane, vitunguu baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na hoho hata wiki mbili. Kuanzia siku ya nne, funua nyasi kila asubuhi, uiname, utazame. Utaona kwanza ufa mwembamba kwenye udongo, kisha shingo iliyopinda, nyeupe, inayosukuma juu huku kichwa kikiwa bado chini. Mche hutoka kwa mpindo huo ili ncha laini ya ukuaji isikwaruzwe na udongo. Mwanga ukiigusa shingo, hunyooka, majani mawili hufunguka na kubadilika kuwa ya kijani kwa saa chache tu. Michache ikishainua shingo, ondoa nyasi zote jioni hiyo hiyo. Usingoje itoke yote. Mche unaoachwa chini ya nyasi hudhani bado uko ardhini, hivyo hutumia akiba yote ya mbegu kurefuka. Siku mbili za kuchelewa zinatosha kuuharibu: shina huwa refu, jeupe, jembamba, nao hulala wenyewe bila kuguswa.

Mara nyingine ganda la mbegu huganda kwenye ncha za majani na kuyabana. Ukilivuta likiwa kavu utakata nalo uhai wote wa mche. Lidondoshee maji, subiri nusu saa, kisha uliondoe taratibu kwa kucha. Kwa mbegu za kumwaga nisingewasumbua kwa jambo dogo namna hii, lakini kwa chotara linastahili muda wenu.

Katika siku hizi mche haudai mbolea. Majani mawili ya mwanzo yamebeba akiba inayoutosha mpaka jani halisi la kwanza litoke. Naona watu wakinyunyiza urea kwenye miche ya wiki moja ili iwe ya kijani haraka, na kweli hukolea rangi, huku tishu zake zikiwa laini na zenye maji mengi, tayari kwa ugonjwa ninaotaka tukae nao kwa muda.

Ugonjwa huo ni kinyausi. Jana kitalu kilikuwa safi. Leo asubuhi unakuta duara dogo la miche iliyolala. Okota mmoja. Majani yake bado ni ya kijani, hayana doa. Tazama pale shina linapokutana na udongo: pamelowa, pamekonda kama uzi, pengine pameingia kahawia. Kesho yake duara limepanuka, na baada ya siku nne nusu ya tuta imekwenda. Msichanganye na kazi ya sota. Sota hukata shina usiku, mkato ukiwa safi, na ukifukua udongo kwa kidole karibu na kisiki hicho utamkuta amejikunja. Sota anaokotwa kwa mkono alfajiri. Kinyausi hakiokotwi.

Kinyausi husababishwa na vimelea zaidi ya kimoja. Vinavyotajwa zaidi ni Pythium, Rhizoctonia na Phytophthora, na wakati mwingine Fusarium. Pythium na Phytophthora nataka mvielewe vizuri. Wataalamu wa zamani walivihesabu kuwa kuvu, lakini sivyo. Ukoo wao uko karibu zaidi na mwani wa baharini wa kahawia kuliko uyoga. Mbegu zao huogelea. Zina vimkia viwili, na zikipata utando wa maji kati ya chembe za udongo husafiri kuufuata mzizi, zikivutwa na kemikali ambazo mzizi wenyewe huachia. Mkulima anayelowesha kitalu kutwa mara mbili amewachimbia mfereji. Na kwa kuwa si kuvu halisi, dawa za ukungu zenye kabendazimu haziwaui. Mkulima hunyunyiza, miche huendelea kulala, naye huamini kuwa ameuziwa dawa feki. Huenda dawa ni nzuri kabisa, ila imepelekwa kwa adui asiyehusika nayo. Kabla ya kununua, uliza dawa hiyo inaua nini, na soma kibandiko chake.

Kinga ya kinyausi inaanzia kwenye keni. Mwagilia asubuhi, kwa keni yenye matundu madogo, hadi unyevu ufike mizizi ilipo, kisha uache uso wa udongo ukauke kabla ya jioni. Usimwagilie tena kwa sababu tu kumekucha. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza. Ukikuta unyevu, ondoka. Juu pakiwa pakavu na chini pakiwa na unyevu, mzizi hushuka kuyafuata maji, na mche wenye mzizi mrefu ndio utakaostahimili siku za mwanzo shambani. Miche ikiwa imebanana, ipunguze: kata iliyozidi kwa mkasi badala ya kuing'oa, ili usiitikise mizizi ya jirani. Kichanja cha kivuli kiwe na urefu wa kutosha, mita moja hivi, hewa ipite chini yake. Duara likishatokea, ondoa miche iliyolala pamoja na udongo wake na ile inayoizunguka, uitupe mbali na shamba, kisha simamisha maji mpaka juu pakauke. Inauma kung'oa miche inayoonekana mizima, lakini ile iliyo kando ya duara imeshafikiwa. Shina likishakomaa na kuwa gumu, baada ya wiki mbili au tatu, hatari kubwa ya kinyausi imepita.

Kivuli nacho kina mwisho wake. Kichanja kinachofaa kwa mche wa siku tano kinaudhuru mche wa wiki tatu. Anzeni kupunguza nyasi za kichanja mapema, kidogo kidogo. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha kitabu kuhusu mwendo wa mimea, walimoeleza jinsi ncha ya chipukizi la nyasi inavyouhisi mwanga na kuifanya sehemu ya chini yake ipinde kuelekea huko. Miche yenu hufanya hivyo hivyo: ikiinama upande mmoja inawaambia kuwa mwanga ni haba na unatoka upande huo. Walioweka trei barazani wazigeuze kila siku, au wazitoe nje kabisa.

Lipo jambo jingine ambalo haligharimu hata senti. Miche inayotikiswa hutoa shina fupi na nene. Mwanasayansi Mmarekani Mark Jaffe alilipa jambo hili jina la kitaalamu mwaka 1973, ingawa wakulima wa Japani walikuwa wakikanyaga shayiri yao changa kwa makusudi tangu zamani ili isirefuke ovyo. Kitaluni hatukanyagi. Miche ya nyanya ikifikisha majani mawili halisi, pitisha kiganja au fito laini juu yake mara kadhaa kila siku, umande ukiwa umekauka, uiinamishe kidogo tu. Waliokuza miche ndani ya nyavu, ambako upepo haufiki, ndio wanaoihitaji zaidi kazi hii. Miche yenye dalili za ugonjwa wowote isiguswe namna hiyo, maana kiganja kitausambaza.

Nimetaja nyavu. Inzi weupe hubeba virusi vinavyoyakunja majani ya nyanya na kuyatia unjano, maradhi ambayo wakulima wetu wengi huyaita rasta. Mche ulioambukizwa ukiwa mchanga hudumaa na karibu haukupi kitu. Kibaya zaidi, dalili huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza. Unahamisha mche mzuri wa kijani, unaulipia kibarua, unaupa mbolea, ndipo unajikunja. Mkulima hulaumu shamba lake, kumbe inzi alishauma kitaluni. Ndiyo maana nasema wavu wenye matundu madogo mno, uliofungwa sawasawa mpaka chini juu ya tuta la mita chache, ni matumizi bora ya fedha kuliko chupa za dawa za kupulizia ekari nzima mwezi ujao. Tuta dogo linafunikika. Shamba halifunikiki.

Na wenye kuvuta sigara au kutumia ugoro, tafadhali osheni mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa miche ya nyanya, hoho na pilipili. Virusi vya batobato ya tumbaku hukaa ndani ya tumbaku iliyokaushwa na kusindikwa, na huhama kwa mguso tu. Hivi ndivyo virusi vya kwanza kutambuliwa duniani, kupitia kazi za Dmitri Ivanovsky mwaka 1892 na Martinus Beijerinck mwaka 1898, na sababu mojawapo ya kutambuliwa mapema ni jinsi vilivyo vigumu kufa.

Mche ukae kitaluni kwa muda gani? Nyanya wiki tatu hadi tano, ikiwa na majani manne hadi sita na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kabichi wiki nne au tano. Vitunguu wiki sita hadi nane, shina lake likikaribia unene wa penseli, kama wanavyojua vyema watu wa Mang'ola na Ruaha Mbuyuni. Karoti zisipandwe kitaluni kabisa. Mzizi wake mkuu ukijeruhiwa kwa kuhamishwa, hugawanyika na kupinda. Mche uliopitiliza umri ni hasara inayojificha. Koliflawa iliyochelewa hutoa ua dogo la kukatisha tamaa. Nyanya iliyochelewa kwenye trei huizungusha mizizi yake ndani ya tundu, shina likawa gumu kabla ya wakati, na ikifika shambani hukaa bila kusogea. Ndiyo maana kitalu kisiwe jambo la “mvua ikikaribia tutaona.” Hesabu kurudi nyuma kuanzia siku unayotaka kuhamisha. Mvua ikichelewa, afadhali kusia tuta la pili kuliko kubaki na miche iliyozeeka, na wenye uwezo wasie kwa awamu mbili zilizopishana wiki mbili.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, komaza miche. Ondoa kivuli chote na punguza maji, uiruhusu inyong'onyee kidogo adhuhuri lakini isikauke. Majani hujipaka nta zaidi, shina hukaza, mche hujiwekea akiba. Siku ya kuhamisha, mwagilia kitalu saa chache kabla, ung'oe mche kwa kijiti au kwa mwiko wa bustani kutoka chini, ushike jani na kamwe usishike shina: jani likichanika litatoka jingine, shina likibonyea ndio mwisho wa mche. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Mche wa nyanya unaweza kuuzamisha hadi karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina lake hutoa mizizi likifukiwa. Mpapai usiufanyie hivyo, shina lake litaoza. Upande kwa kina kile kile uliokuwa nacho. Saladi nayo iache kitovu chake juu ya udongo.

Acheni miche michache kitaluni, kama mmoja kwa kila kumi, kwa ajili ya kujazia mapengo. Kujazia kufanyike ndani ya siku saba hadi kumi. Baada ya hapo mche mpya hufunikwa na wenzake, hupulizwa dawa kwa ratiba isiyo yake, na hukomaa wakati wanunuzi wameshaondoka. Mapengo yakishajazwa, ng'oeni miche yote iliyobaki na kuiteketeza, hata ile inayotamanisha macho. Kitalu kilichoachwa kikamea chenyewe pembeni mwa shamba ndimo inzi weupe huzaliana, na upepo wa kwanza utawaleta kwenye nyanya mlizozilea vizuri.